Wanawake, Utumishi na Ukarimu Kanisani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mengi ya maswali haya nimeulizwa nikiwa nimesimama kwenye karo, mikono ndani ya povu, ibada ikiendelea upande wa pili wa ukuta. Majibu hayalingani kwa urefu kwa kuwa maswali yenyewe hayana uzito mmoja. Mistari ya Biblia nimeitaja ili kila mtu aifungue mwenyewe.

Kwa nini kanisa la mwanzo lilihimiza sana kupokea wageni?

Kwa sababu bila mwenye nyumba lisingekuwa na pa kukaa. Wakristo wa kwanza hawakuwa na majengo ya ibada. Kanisa la kale ambalo mabaki yake yanajulikana vizuri, lile la Dura-Europos huko Syria, lilikuwa nyumba ya kawaida ya kuishi. Katika karne ya 3 ukuta kati ya vyumba viwili ulibomolewa ili watu waenee, na mji wenyewe ukaangamia mwaka 256. Kwa vizazi vingi kabla ya hapo, kanisa lilikuwa ni sebule ya mtu. Mwenye sebule akisema leo haiwezekani, siku hiyo hakuna kuumega mkate.

Halafu kulikuwa na wasafiri. Nyumba za kulala wageni katika dola ya Kirumi zilikuwa na sifa mbaya: wizi, kunguni, ukahaba. Posta ya serikali ilibeba barua za serikali tu, kwa hiyo waraka wa mtume ulisafiri mkononi mwa mtu, na mtu huyo alihitaji kula, kulala na kuelekezwa njia ya kesho. Unaposoma Waebrania 13:2 au 1 Petro 4:9, usifikirie adabu ya mezani. Fikiria mtandao wa nyumba, mji hadi mji, uliobeba Injili mgongoni.

Kwani kukaribisha wageni si kazi ya wanawake?

Soma 1 Timotheo 3:2 na Tito 1:8. Askofu ndiye anayetakiwa awe mkaribishaji. Ni sifa iliyoandikwa sambamba na kiasi na busara, ila sijawahi kusikia ikiulizwa siku ya kumchagua mtu.

Ni wanawake gani hasa waliofungua nyumba zao?

Wapo kadhaa waliotajwa kwa majina. Mariamu, mama yake Yohana aitwaye Marko, alikuwa na nyumba Yerusalemu ambamo watu wengi walikusanyika usiku kuomba Petro alipokuwa gerezani (Matendo 12:12). Prisila na mumewe Akila, washona hema, walikuwa na kanisa nyumbani mwao walipokaa Efeso na tena walipokuwa Roma. Kloe anatajwa kwa watu wa nyumba yake tu, waliompelekea Paulo habari za ugomvi wa Korintho.

Nitakaa zaidi kwa Lidia wa Filipi. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Thiatira, akiuza rangi ya zambarau, bidhaa ya wateja wenye uwezo. Alipokwisha kubatizwa aliwaambia Paulo na wenzake waingie nyumbani mwake wakakae, na Luka anaongeza neno moja, "akatushurutisha". Wengi huhubiri hadi hapo, wakaliacha tukio la pili, nami naliona ndilo zito. Baada ya siku kadhaa Paulo na Sila wakavuliwa nguo hadharani, wakapigwa kwa bakora, wakafungwa miguu kwenye mkatale. Walipotolewa gerezani wakaenda wapi? Wakaingia kwa Lidia (Matendo 16:40). Watu wawili ambao mji mzima umewaona wakichapwa, migongo bado mibichi, wanaingia mlangoni kwa mwanamke ambaye riziki yake inategemea sura yake sokoni. Ili ujue gharama yake, soma sura inayofuata: Yasoni wa Thesalonike aliwapokea watu hao hao, akakokotwa mbele ya wakuu wa mji na kutozwa dhamana.

Wa mwisho ni Nimfa, aliyeko Wakolosai 4:15, na hapo Kiswahili kinatuficha kitu. Tunasoma "kanisa lililo katika nyumba yake" na hatujui kama huyo ni bwana au bibi, kwa kuwa "yake" yetu haina jinsia. Kiyunani kinayo, na nakala za kale zinapishana: nyingine zina "yake" ya mwanamke, nyingine ya mwanamume, nyingine "yao". Wataalamu wengi leo wanaikubali ile ya mwanamke, kwa hoja kwamba ni rahisi kumwelewa mwandishi aliyeshtuka akambadilisha mwanamke kuwa mwanamume kuliko aliyefanya kinyume chake.

Neno "kutumika" si la kumshusha mwanamke?

Tumelifanya hivyo sisi. Katika Injili ya Marko kuna kitenzi kimoja cha Kiyunani, diakoneo, ambacho tafsiri zetu hukigeuza mara "kuhudumia", mara "kutumikia". Fuatilia ni nani anayekifanya. Malaika wanamhudumia Yesu jangwani (1:13). Mama mkwe wa Petro anaponywa homa, anawatumikia (1:31). Mwana wa Adamu hakuja kutumikiwa bali kutumika (10:45). Wanawake waliosimama mbali wakiutazama msalaba ndio waliomtumikia tangu Galilaya (15:41). Basi, orodha imekwisha. Wale Kumi na Wawili wanaambiwa wawe watumishi, tena zaidi ya mara moja, lakini hakuna mahali Marko anapotumia kitenzi hicho kusema kwamba walifanya.

Luka naye anafunua upande wa fedha. Katika 8:1-3 Maria Magdalene, Yoana mkewe Kuza wakili wa Herode, Susana na wengine wengi walihudumu kwa mali zao. Safari zile za kuhubiri zilikuwa na bajeti, na sasa unajua mifuko iliyotoa.

Fibi alikuwa shemasi, au mhudumu tu?

Warumi 16:1 inamwita diakonos wa kanisa la Kenkrea. Ni neno lile lile Paulo analolitumia kwake mwenyewe na kwa Apolo katika 1 Wakorintho 3:5. Kama kazi yake ilikuwa imekwisha kuwa cheo chenye mipaka kama cha shemasi wa leo, watu wanabishana. Kwamba alikuwa na nafasi inayotambuliwa katika kanisa fulani lenye jina, hilo liko wazi kwenye maandishi.

Lakini neno la pili ndilo linalonivutia. Mstari wa 2 unasema alikuwa "msaidizi wa watu wengi". Ukisikia msaidizi unamwona mtu anayeshika upande mmoja wa sufuria. Kiyunani ni prostatis, yaani mfadhili, mtu mwenye uwezo na jina anayesimama mbele ya wengine kuwadhamini. Kenkrea ilikuwa bandari ya mashariki ya Korintho. Wasafiri walikaa pale wakingojea meli, wengine wagonjwa, wengine wameishiwa. Mwenye nyumba bandarini, mwenye fedha na moyo, anakuwa nanga ya watu wengi. Wataalamu wengi wanaona pia kwamba Fibi ndiye aliyeubeba Waraka kwa Warumi hadi Roma, na ndiyo sababu Paulo anamtambulisha na kuomba apokewe. Aliyezoea kupokea wageni, sasa zamu yake ya kuwa mgeni.

Ukiendelea na sura hiyo hiyo, hesabu wanawake. Fibi, Priska (ndiye Prisila), Mariamu, Yunia, Trifaina, Trifosa, Persisi, mama yake Rufo, Yulia, dada yake Nerea. Ni kumi. Wanne wanasifiwa kwa kujitaabisha katika Bwana, na mama yake Rufo anaitwa mama na Paulo mwenyewe.

Kwa hiyo Martha alikosea kupika?

Hapana, na nadhani ameonewa na wahubiri kwa muda mrefu. Luka 10:38 inasema Martha alimkaribisha Yesu nyumbani kwake, na dada yake Mariamu akakaa miguuni pa Yesu kumsikiliza. Bila yeye hakuna miguu ya kukaa karibu nayo. Yesu hakumwambia zima moto. Alimwambia anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi, na kwamba Mariamu hataondolewa fungu alilolichagua. Aliyekuwa anataka kumwondoa mwenzake kwenye mafundisho ampeleke jikoni ni Martha, na Yesu alikataa. Mistari hiyo hiyo leo hutumiwa kuwakemea wanawake kwa kuhangaika, na wanaokemea wanangojea chakula.

Katika Yohana 12:2 Martha anatumikia tena, na safari hii hakuna anayemsema. Kati ya visa hivyo viwili ndiye aliyetamka, nduguye akiwa kaburini, kwamba Yesu ni Kristo, Mwana wa Mungu (Yohana 11:27). Mpishi huyo alikuwa mwanatheolojia.

Dorkasi alifanya nini kikubwa?

Alishona. Alipokufa huko Yafa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowatengenezea alipokuwa pamoja nao. Hakuna hotuba ya kumsifu marehemu. Kuna nguo tu, pindo na mishono, pengine walizokuwa wamezivaa wenyewe. Na ndiye mwanamke pekee katika Agano Jipya anayeitwa "mwanafunzi" kwa neno lenye umbo la kike (Matendo 9:36).

Wajane "walioandikwa" walikuwa akina nani?

Inatoka 1 Timotheo 5:9-10. Kanisa lilikuwa na daftari la wajane waliotunzwa, na kuingia humo kulikuwa na masharti: umri usiopungua miaka 60, na ushuhuda wa kulea watoto, kuwa mkaribishaji, kuwaosha watakatifu miguu, kuwasaidia wateswao. Tazama kuosha miguu kwa karibu. Mtu ametembea kutwa kwa viatu vya kamba katika barabara moja na punda na ng'ombe. Unapiga magoti, unaufuta uchafu huo kwa mikono yako, kati ya kidole na kidole. Kwa kawaida ilikuwa kazi ya mtumwa. Mama wa nyumba aliyeifanya mwenyewe alikuwa amevuka mstari ambao kila aliyekuwepo aliuona.

Hata waliowacheka Wakristo waliwaona wanawake hawa. Lucian wa Samosata, mwandishi wa kejeli wa karne ya 2, anaeleza jinsi mfungwa mmoja wa Kikristo alivyokuwa akingojewa tangu alfajiri nje ya gereza na wanawake vikongwe, wajane na yatima. Alikusudia kuwadhihaki. Ametuachia picha ambayo rafiki hakutuachia.

Ukarimu huo si ulikuwa wa wanawake matajiri tu?

Walioandikwa majina wengi wao walikuwa na nyumba, ni kweli. Lakini nyumba yenye nafasi ilikuwa na watu wa chini waliochota maji na kufungua mlango. Roda, kijakazi wa kwa Mariamu mama yake Marko, aliitambua sauti ya Petro langoni, akafurahi mpaka akasahau kumfungulia. Akarudi mbio ndani kutoa habari, wakamwambia ana wazimu, na Petro yuko nje anabisha. Ni kisa cha kuchekesha, ila yeye ndiye aliyekuwa na habari sahihi ndani ya chumba kile.

Karibu mwaka 112, Pliny, gavana wa Bithinia na Ponto, alimwandikia Kaisari Trajan kwamba amewatesa wajakazi wawili ili apate ukweli juu ya Wakristo. Anasema wenzao waliwaita kwa neno la Kilatini ministrae, wahudumu. Walikuwa watumwa mbele ya sheria, na wenye wadhifa mbele ya kanisa. Majina yao hakuyaandika.

Mashemasi wa kike walikuwepo kweli? Waliishia wapi?

Walikuwepo, hasa upande wa mashariki. Mwongozo wa kanisa wa karne ya 3 kutoka Syria, uitwao Didascalia, unawapa kazi ya kuwapaka mafuta wanawake wanaobatizwa, kuwafundisha baada ya ubatizo, na kuingia katika nyumba za wasioamini ambako shemasi mwanamume asingeruhusiwa kumwona mwanamke mgonjwa. Mtaguso wa Kalkedoni, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 451, uliagiza wasiwekwe kabla ya umri wa miaka 40. Olympias wa Konstantinopoli, rafiki wa Yohane Krisostomo aliyekuwa askofu wa mji huo, alikuwa mmoja wao na alitoa mali nyingi kwa maskini. Ubatizo wa watoto ulipozidi ule wa watu wazima, sababu mojawapo ya kuwahitaji ilipungua, na kidogo kidogo nafasi ikafifia.

Huko magharibi ukarimu ulichukua njia nyingine. Fabiola, mwanamke wa ukoo mkubwa wa Roma aliyefariki mwaka 399, aliuza mali yake akaanzisha nyumba ya wagonjwa, akawaosha vidonda kwa mikono yake, kisha akashirikiana na seneta Pammachius kujenga nyumba ya wasafiri huko Portus, bandari ya Roma.

Mwaka 1836 mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walianzisha nyumba ya mashemasi wa kike huko Kaiserswerth, Ujerumani, na Florence Nightingale, mwuguzi mashuhuri wa Uingereza, alikwenda kujifunza pale. Siku hizi makanisa mengi ya Kiprotestanti yana mashemasi wanawake. Kwa Wakatoliki Papa Francis aliunda tume za kulichunguza jambo hilo mwaka 2016 na 2020, na Mei 2024 Patriarkati ya Kiorthodoksi ya Alexandria ilimweka shemasi mwanamke nchini Zimbabwe. Ubishi bado haujaisha.

Mume wangu haamini na hataki wageni. Nifanyeje?

Swali lako lina miaka zaidi ya 1,800. Tertullian, mwandishi Mkristo wa Afrika Kaskazini, akiandika karibu mwaka 200, aliuliza ni mume gani asiyeamini atakayemruhusu mkewe azunguke vibanda vya maskini, au ampokee ndugu msafiri katika nyumba isiyo yake kiimani. Alikuwa akiwaonya wajane wasiolewe na wasioamini, kwa hiyo wewe uliye tayari ndani ya ndoa hakusaidii sana. Anachothibitisha ni kwamba ugumu huo unajulikana. Usiwalete watu kwa siri, nyumba ni ya wawili. Ukarimu unaweza kutoka nje: mtembelee mgonjwa, msindikize mgeni kanisani, kaa naye benchi moja.

Nyumba yangu ni chumba kimoja. Nitamkaribisha nani?

Mtu mmoja.

Na wageni wanaotutumia vibaya?

Kanisa la kwanza liliwajua vizuri. Mwongozo uitwao Didache unasema mtume anayepita apokewe kama Bwana, akae siku moja, ya pili kama kuna haja. Akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha anakolala, na akidai fedha ni nabii wa uongo pia. Msafiri wa kawaida akitaka kuhamia na ana ufundi, afanye kazi ale. Yohana naye anamwandikia "mama mteule" asimkaribishe nyumbani anayeleta mafundisho mengine (2 Yohana 10).

Kwa hiyo kuweka mipaka si ukosefu wa imani. Mwanamke anayeishi peke yake au na watoto asishinikizwe kumlaza mtu asiyemfahamu, hata kama amekuja na barua ya kanisa. Mgeni alazwe mahali penye watu zaidi ya mmoja, na angalau kiongozi mmoja ajue yuko wapi. Anayesema "ungekuwa na imani ungempokea" na ampokee yeye.

Kwetu wanawake wako jikoni na wanaume wako kwenye viti. Tuanzie wapi?

Anzieni na fedha. Mara nyingi mama ananunua vitu kwa pesa yake, anaambiwa atarudishiwa, risiti inapotea, anaona aibu kudai. Mhazini atoe kabla ya siku yenyewe. Kisha anzieni na mahubiri: anayehudumu wiki hii asikose neno wiki ijayo, na vipaza sauti vifike jikoni. Kama chakula kitachelewa nusu saa ili wapishi wasikie mahubiri, hakuna atakayekufa.

Zamu zipangwe kwa majina, za kike na za kiume. Kanisani kwetu tulijaribu mara moja kuwapa wazee wa kanisa vyombo vyote vya mkutano mkubwa. Walivunja glasi tatu, wakalowa hadi magotini, na kikao kilichofuata wakapitisha karo la pili, ambalo tulikuwa tumeliomba miaka minne.

Na anayepokea wageni mlangoni awe na kiti katika kikao cha maamuzi. Yeye ndiye anayejua nani amekuja mara tatu na hajasalimiwa, na nani ameacha kuja.

Nimehudumu miaka mingi na nimechoka. Ni dhambi kusema?

Martha alisema, tena alimwambia mgeni mwenyewe, na hakufukuzwa. Petro anapoandika mkaribishane pasipo kunung'unika, ananikumbusha kwamba manung'uniko yalikuwepo, vinginevyo asingeyataja. Kunung'unika ni kule kwa pembeni, kwa asiyeweza kubadilisha chochote. Kwenda kwa anayepanga zamu na kumwambia "mwezi ujao sitakuwepo" ni jambo lingine. Nenda katikati ya wiki, mkiwa mmekaa, si Jumapili mikono ikiwa na sabuni. Mpe tarehe ya kurudi kama unayo. Kama huna, usibuni.